Pikachu, stima na ramani: historia ya mnyama wa umeme kutoka Tokyo hadi Kibera

Leo tuweke kando lugha za programu na mambo ya seva, tuzungumze historia kidogo. Nataka kuzungumzia Pikachu. Naam, yule panya wa manjano mwenye mashavu mekundu na mkia uliopindapinda kama radi. Najua wapo watakaoguna na kusema hayo ni mambo ya watoto. Subiri kidogo ndugu yangu, usifunge ukurasa.

Mimi nimekulia Kawangware na nimefanya kazi Kibera, na riziki yangu naipata kwa kuandika programu. Sijaona mfano mzuri kuliko Pikachu wa kueleza kinachotokea programu iliyoandikwa mbali inapokutana na stima yetu na vichochoro vyetu. Mnyama huyu anasifiwa kwamba anajitengenezea umeme mwenyewe. Hadithi tu! Tangu azaliwe ameishi kwa vitu viwili vya watu wengine: umeme wao na ramani yao. Na huku kwetu vitu hivyo viwili havikuja bure.

Alivyozaliwa

Tuanze mwanzo. Satoshi Tajiri alizaliwa 1965 na akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati ambapo bado palikuwa na mashamba ya mpunga na vidimbwi. Alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Mji ukapanuka, vidimbwi vikafukiwa, wadudu wakatoweka. Alipokuwa mtu mzima mwenye kampuni yake, Game Freak, alitaka watoto wa mjini waipate tena raha ile ya kutafuta, kukamata na kubadilishana.

Nintendo ilitoa kidude cha mkononi kiitwacho Game Boy mwaka 1989, nacho kilikuwa na waya wa kuunganisha viwili pamoja. Wengine waliuona kama waya wa kushindania. Tajiri aliutazama akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Kazi ilichukua takriban miaka sita. Tarehe 27 Februari 1996, Pokémon Red na Pokémon Green zikaanza kuuzwa Japani. Pikachu alikuwa nambari 25 katika orodha ya viumbe wake.

Aliyemchora Pikachu ni mwanamke, Atsuko Nishida, na amewahi kueleza kwamba mashavu yale ya kuhifadhi umeme aliyatoa kwa kindi, ambaye huhifadhi chakula mashavuni. Jina nalo ni la mlio: Wajapani husema "pika" kwa kitu kinachometameta na "chu" kwa sauti ya panya. Angezaliwa Kawangware pengine tungemwita Metameta, tukamaliza.

Sasa wale wenzangu wa kuprogramu, sikilizeni hii. Game Boy ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.19 na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 8. Skrini yake ilikuwa na vivuli vinne tu, kwa hiyo hiyo rangi ya manjano tunayoijua haikuonekana humo. Ndani ya mchezo, Pikachu aliyewekwa akiba kwenye sanduku la hifadhi anachukua baiti 33, ukiacha majina. Aina yake, uhai wake, kiwango alichofikia, mashambulizi yake manne, nambari ya mwenye kumfuga, yote yamo kwenye baiti hizo 33. Ujumbe mfupi wa simu, ule wa herufi 160, una baiti 140. Maana yake SMS moja ingebeba Pikachu wanne na nafasi ikabaki. Waandishi wa programu wa siku zile walikuwa wanabana kweli.

Umeme na ardhi

Ndani ya mchezo kuna jedwali linaloamua nani anamshinda nani. Shambulio la umeme likimpata kiumbe wa maji, madhara yake yanazidishwa mara mbili. Likimpata kiumbe wa ardhi, yanazidishwa kwa sifuri. Pikachu apige radi mpaka achoke, kiumbe wa ardhi hahisi kitu.

Fundi yeyote wa stima atakwambia waliotunga jedwali hilo walikuwa wanajua wanachofanya. Ndiyo maana nyumba iliyounganishwa vizuri ina ule waya mafundi wanaouita athi. Umeme ukipotea njia, athi inaupeleka ardhini kabla haujakupitia wewe.

Sasa nenda kwenye ploti za Kibera na Kawangware za miaka ya 2000. Waya mmoja umetoka kwenye nguzo, umepita juu ya mabati ya watu kumi, umefungwa kwa karatasi ya nailoni pale ulipounganishwa, na mwisho wake ni balbu moja. Athi hakuna. Mvua ikinyesha, waya ukichubuka, bati lote linakuwa na stima, na mtu anayeanika nguo kwenye waya wa chuma ndiye anayegeuka kuwa athi. Watu wamekufa hivyo, watoto wakiwemo. Kwenye jedwali la Pokémon ardhi inakulinda. Kwenye nyumba ya mabati, ardhi ni wewe.

Kuna maelezo mengine ndani ya mchezo yanayosema Pikachu wengi wakikusanyika pamoja umeme wao unaweza kujikusanya na kuleta dhoruba ya radi. Mtu wa mtaani akisoma hayo hawazi radi. Anawaza transfoma saa moja jioni, kila mtu amerudi kazini, koili zimewashwa, na mlio ule wa "puu!" unaofuatwa na giza na kelele za watoto.

Stima ya nani?

Neno lenyewe lina historia. Kwenye kamusi utakuta stima ni meli inayoendeshwa kwa mvuke. Wakenya tukalichukua neno hilo la mvuke tukalipa umeme, na leo ukimwambia mtu wa Nairobi "stima imepotea" hatafikiria meli imezama.

Lakini kuwa na neno si kuwa na kitu. Kwa miaka mingi ada ya kuunganishiwa umeme kihalali nchini Kenya ilikuwa shilingi 35,000. Kwa mtu wa kibarua anayelipa kodi ya chumba kimoja, na ambaye hata hiyo nyumba si yake, hiyo ilikuwa ni kuambiwa "usije". Pengo likajazwa na watu wa kusambaza. Kijana mwenye koleo na ujasiri anavuta waya, na wewe unamlipa kila mwezi kwa idadi ya balbu. Kwetu Kawangware sheria ya ploti ilikuwa balbu na redio peke yake. Pasi marufuku. Koili marufuku, ingawa kila mtu alikuwa nayo chini ya kitanda.

Mambo yalianza kubadilika katikati ya miaka ya 2010. Kenya Power, kwa ruzuku iliyopitia Benki ya Dunia, ilianza kuunganisha mitaa ya mabanda kwa ada ndogo ya shilingi 1,160 na mita za kulipia kabla, zile za tokeni. Mwaka 2015 ada ya kawaida nayo ikashushwa hadi 15,000 kwa mpango wa serikali. Waya za kusambaza hazikuisha, lakini kwa mara ya kwanza watu wengi wa mitaa hii walikuwa na mita yenye jina lao.

Wakati huo wote stima ilipokuwa ya kubahatisha, mnyama wa umeme tuliyekuwa naye hakuwa panya. Alikuwa paka. Mawe ya redio ya Eveready yalikuwa na paka, na tangazo lake la "Paka Power" halikuhitaji kuelezwa kwa mtu. Yalitengenezwa Nakuru mpaka kiwanda kilipofungwa 2014. Game Boy ya kwanza ilikula mawe madogo manne, na jiwe lilikuwa kwanza la redio ya baba na tochi ya mama. Ndiyo maana Game Boy yenyewe mtaani mwetu hukuiona. Hata kama ungeipata, kaseti ya Pokémon nayo ilikuwa na betri ndogo ya duara ndani yake, kama ya saa, inayoshikilia kumbukumbu ya kilobaiti 32. Betri hiyo ikifa, viumbe wako wote wanakufa nayo. Mnyama wa umeme anaishi kwa betri ya saa! Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.

Pikachu ndani ya saiba

Huku kwetu Pikachu alifika kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 saiba zilianza kuota pembeni mwa barabara, kompyuta nne au tano kuukuu, bei ikashuka mpaka shilingi moja kwa dakika. Ndani ya mashine hizo kulikuwa na emuleta, yaani programu inayoigiza Game Boy ndani ya kompyuta. Toleo la Pokémon Red lililouzwa Marekani lilikuwa na megabaiti 1. Flopi ilikuwa na megabaiti 1.44. Kwa hiyo mchezo mzima, na hifadhi yako juu yake, uliingia kwenye flopi moja mfukoni. Zilikuwa nakala haramu, tusidanganyane. Lakini hiyo ndiyo njia iliyokuwepo, na wengi wetu tunaoandika programu leo tulianza udadisi hapo: huyu Game Boy amewezaje kuingia ndani ya kompyuta?

Kitu kimoja katika mchezo ule kilitufaa kuliko waandishi wake walivyokusudia. Pokémon hukuruhusu kuhifadhi ulipofika karibu mahali popote, mradi hauko katikati ya pambano. Uamuzi huo unamfaa mtoto wa Tokyo anayecheza ndani ya treni na ambaye betri yake inaweza kuisha. Kumbe mtoto wa Kawangware naye ana shida ileile: dakika zake zinaweza kuisha, na stima inaweza kupotea bila hodi. Tulihifadhi kila baada ya dakika chache. Katika Pokémon Gold na Silver, za 1999, mchezo unapohifadhi unakuonya usizime umeme. Kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunauzima!

Mpaka leo nikiandika programu naitesti kwa kung'oa waya ukutani. Wenzangu waliokulia penye stima ya uhakika hunishangaa. Lakini programu isiyojua kwamba umeme hukatika si programu ya mtu wa huku.

Mnyama anashuka barabarani

Tarehe 6 Julai 2016 Pokémon GO ilianza kupatikana Australia, New Zealand na Marekani. Safari hii Pikachu hakuwa ndani ya kaseti. Alisimama barabarani, ukamtafuta kwa miguu yako ukiwa na simu yenye GPS. Nairobi wapo waliotafuta faili la programu pembeni na kuliweka kwenye simu zao bila kusubiri. Mchezo ulifyonza betri ya simu vibaya sana, kwa hiyo wenye vibanda vya kuchaji simu nadhani ndio waliofurahi zaidi.

Sasa linakuja swali la kiufundi. Simu inajua uko wapi duniani kwa GPS. Lakini inajuaje kwamba hapo ulipo kuna barabara, kichochoro, kanisa au mto? Hapo ndipo ramani inapoingia, na Pokémon GO ilitumia ramani za aina mbili.

Ya kwanza ni orodha ya vituo, zile sehemu za kuokota mipira na kupigana. Kampuni ya Niantic, iliyoanzia ndani ya Google, ilivitoa kwenye mchezo wake wa awali, Ingress, wa 2012. Wachezaji wa Ingress ndio waliopiga picha sanamu, michoro ya ukutani na majengo ya maana, wakavipeleka. Mahali pasipokuwa na wachezaji wenye simu janja na bando za kutosha, hapakuwa na wa kupeleka. Huko Marekani, mwaka 2016 huohuo, watafiti na waandishi wa habari walionyesha kwamba mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko mitaa ya wazungu. Hakuna aliyekaa ofisini akaandika "msiwape". Orodha ilirithi tu nani alikuwa na simu mwaka 2012.

Ya pili ni ramani ya barabara zenyewe, na hapa ndipo hadithi inarudi nyumbani.

Vijana wenye GPS

Kibera ni mtaa wa zamani. Jina limetokana na Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles na familia zao. Miaka mia moja baadaye Kibera ilikuwa na Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Silanga, Makina, Mashimoni na kadhalika, lakini kwenye ramani za kompyuta ilikuwa doa tupu kati ya Ngong Road na bwawa la Nairobi. Hata idadi ya watu ilikuwa ya kukisia. Kwa miaka watu walikuwa wakisema milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070.

Mwaka huohuo wa 2009, Mikel Maron na Erica Hagen walianzisha Map Kibera. Vijana wa vijiji vya Kibera wenyewe walifundishwa kutumia GPS za mkononi, wakatembea kichochoro kwa kichochoro wakiandika mabomba ya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa, misikiti, na njia zenyewe. Kazi yao wakaiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Walioona Kibera kwenye skrini kabla na baada ya kazi ile hawasahau: palipokuwa na utupu pakajaa mistari kama mishipa ya jani.

Hakuna kijana aliyekuwa akimfikiria Pikachu. Walikuwa wakifikiria maji yako wapi na mama mjamzito apelekwe wapi.

Kisha, Desemba 2017, wachezaji wa Pokémon GO duniani kote waliamka wakakuta barabara kwenye mchezo zimebadilika. Niantic ilikuwa imeacha ramani ya Google na kuanza kuchora barabara zake kwa data ya OpenStreetMap. Sehemu nyingi hawakuona tofauti kubwa. Lakini fikiria maana yake kwa Kibera. Njia za miguu zilizotembewa na vijana wale miaka minane kabla zikawa ndizo msingi ambao mnyama wa umeme anakanyaga.

Na wakati huo kwingineko? Wachezaji walipong'amua kwamba mchezo unasoma OpenStreetMap, baadhi yao walianza kuchora bustani za uongo karibu na nyumba zao ili viumbe wazuri wajitokeze. Wahariri wa kujitolea wakabaki na kazi ya kuzifuta. Yaani wengine wanadanganya ramani ili Pikachu aje, wengine waliichora kweli ili waonekane na serikali yao.

Deni

Kuna watu nimejadiliana nao wanaosema vijana wa Kibera waliibiwa: walifanya kazi, na kampuni kubwa ikaitumia bila kulipa. Naelewa uchungu huo, lakini sikubaliani nao. Leseni ya OpenStreetMap inamruhusu kila mtu, sharti aseme data ameitoa wapi. Leseni hiyohiyo ndiyo inayomruhusu mwalimu wa Laini Saba, shirika la maji na mtoto wa chuo kuitumia bila kumlipa mtu. Huwezi kufungua mlango kwa jirani ukaufunga kwa tajiri kwa kitasa kimoja.

Linaloniuma ni upande wa pili. Njia aliyochora kijana wa Gatwekera ni mali ya wote. Video ambazo wachezaji wa Pokémon GO waliombwa wazipige kuzunguka sanamu na majengo ni mali ya kampuni, na mwaka 2024 Niantic ilieleza kwamba inazitumia kufundisha modeli ya akili bandia inayoelewa mahali. Mwaka 2025 Pokémon GO yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya Scopely, lakini kazi hiyo ya ramani Niantic ikabaki nayo. Kwa hiyo mtu anatembea, anachora dunia kwa miguu yake na betri yake, na ramani inayotoka hapo yeye hawezi kuifungua.

Kwa hiyo msomaji, kama unaishi Kawangware, Kangemi, Manzese au Katwe, nina kazi ndogo kwako. Fungua OpenStreetMap utafute kichochoro chako. Mimi nimekaa jioni kadhaa nikichora vya karibu na 56, na bado vingine havijaisha. Weka bomba, weka zahanati, weka jina ambalo watu wanaliita kweli. Pikachu atapita hapo kama akitaka, na ambulensi pia itapajua.

Kwa leo naishia hapa. Betri yangu imebaki asilimia 9, na stima bado haijarudi.